Sauti Iliyofungua Wimbo

Ziwa lilipopanda na maji yakaanza kuingia katika nyumba zetu za chini, karibu na ufuko, niliacha magodoro na sufuria, nikabeba kwanza sanduku la kaseti. Binti yangu alisimama mlangoni, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, akaniangalia kama muntu aliyeona mama yake anapoteza akili.

"Mama, nyumba inazama, na weye unatoka na makaseti?"

"Makaseti njo tunaanza nayo," nikamwambia. "Shika upande wa pili."

Ndani ya lile sanduku mlikuwa na sauti za watu ambao nchi nzima iliwajua. Wakati nchi bado inaitwa Zaire, nilikuwa mwandishi wa redio hapa Kalemie, na kazi yangu ilikuwa kuwauliza maswali wanamuziki waliopita mujini. Wengine walitoka Lubumbashi kwa treni, wakapitia Kabalo, wakashuka na vumbi mpaka kwenye kope. Wengine walivuka ziwa kwa meli kutoka Kigoma. Kulikuwa na mabwana wa rumba waliovaa viatu vya kung'aa, na kulikuwa na vijana wa gitaa za umeme, wenye nywele nyingi na suruali za kubana, ambao sisi tuliwaita watu wa roki. Wote walikaa mbele ya mikro yangu.

Haikuwa kazi rahisi kwa binti wa nyumba yetu. Sisi ni Waislamu, mababu zetu walikuja na biashara ya ziwa, na shangazi zangu waliposikia kwamba ninaenda hoteli kuongea na waimbaji wa baa, walikaa kikao. Baba, aliyekuwa karani bandarini, aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akanigeukia.

"Unaenda kuwauliza ao unaenda kucheza?"

"Kuwauliza, Baba."

"Basi enda. Muulize kila mumoja kazi yake kwa heshima, nao watakuheshimu."

Nilifunga mtandio wangu, nikaenda. Miaka yote niliyofanya kazi ile, hakuna mwanamuziki hata mumoja aliyenivunjia heshima. Mashangazi walikuja kuwa wasikilizaji wangu wa kwanza, na waliniletea maswali ya kuuliza, mengine siwezi kuyasema hapa.

Baada ya maji kutufukuza tulihamia kwa dada yangu, juu ya mlima, na huko ndiko direktrisi, mkurugenzi wa redio moja ya mujini, alikonifuata. Ni mwanamke kijana, anasema haraka na anaandika haraka. Alikuwa amesikia habari za sanduku.

"Mama," akasema, "vijana wetu wana nyimbo za hawa watu ndani ya simu zao, lakini hawajasikia hata siku moja namna walikuwa wanaongea. Tunataka kufanya programu ya Jumamosi mangaribi. Weye utaiongoza."

Nilimwambia nimezeeka. Akasema sauti yangu haijazeeka. Nikakubali upesi kuliko nilivyopanga.

Shida ilikuwa unyevu. Tulipofungua sanduku, kaseti nyingi zilikuwa na ukungu mweupe kama unga wa muhogo, na zingine utepe ulikuwa umegandamana. Tulizipeleka kwa fundi wa redio anayefanya kazi karibu na gare, kituo cha treni. Alizifungua moja moja, akazianika kivulini, akapangusa utepe kwa pamba na alkoholi, kisha akauhamishia ndani ya vifuko vya kaseti nyingine zilizo nzima. Alifanya hivyo kwa siku nyingi, taratibu, kama muntu anayechambua muchele. Nilikaa kando yake kwenye kigoda, maana alitaka nimwambie kila sauti ni ya nani, ili aiandike vizuri ndani ya kompyuta.

Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa nyembamba, ya haraka, imejaa Kifaransa cha shule.

"Mama, huyu mutoto mwanamuke ni nani?" fundi akauliza.

"Njo mimi."

Alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. Mimi pia nilicheka, lakini ndani nilisikia furaha ya ajabu. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa jasiri namna ile. Nilimsikia yule msichana anamuuliza bwana mukubwa wa rumba, ambaye hata maofisa walimwogopa, kwa nini nyimbo zake zote zinawalaumu wanawake na yeye mwenyewe hajawahi kukosea. Kwenye utepe kiti kilisogezwa. Kisha yule bwana akasema polepole, "Dada, hilo swali, hata muke wangu hajaniuliza bado." Halafu akajibu vizuri, bila kujificha.

Kaseti nyingine ilikuwa ya mwimbaji wa roki aliyeshuka kutoka melini akiwa bado anatapika. Nilimuuliza juu ya uhuru na muziki wa vijana, maswali makubwa makubwa niliyoyaandaa usiku kucha. Yeye akaomba maji. Akasema ziwa letu linapiga kuliko mpiga ngoma wake, na kwamba akirudi kwao ataimba nyimbo za mama yake tu. Zamani niliona jibu lile ni upuuzi, nikasikitika kwamba mahojiano yameharibika. Sasa, katika kibanda cha fundi, nilisikia kijana mumoja aliye mbali na kwao, anaumwa, na bado anajaribu kunichekesha ili nisirudi mikono mitupu. Nilimwomba fundi aiweke tena.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye kaseti ya mpiga gitaa.

Huyu mpiga gitaa alikuwa na wimbo mumoja ambao kila muntu wa umri wangu aliucheza. Hata leo harusi ya Kalemie haiishi bila wimbo ule. Unaanza na sauti ya mwanamke peke yake, haina chombo chochote nyuma, anaita kama muntu anayemsimamisha mwenzake njiani. Halafu gitaa linaingia, na hapo kila muntu anasimama. Mwanamke yule hakuwa na jina. Kwenye disiki waliandika majina ya wanaume wa bendi tu.

Nilikumbuka vizuri siku ile. Tulimhoji katika chumba cha kungojea treni, mimi na mwenzangu wa sauti, fundi mitambo aliyezaliwa Mpala, muntu mupole aliyependa kuvaa kofia ya baba yake. Mazungumzo yalikuwa mafupi: safari, bendi, salamu kwa wasikilizaji. Nilisema asante. Kisha dereva wa gari la redio akapiga honi, nami nikatoka nje kumwomba atungoje kidogo. Aliyechukua zile dakika za maswali yangu na kuzipeleka hewani alikuwa mukubwa wa programu. Hakuna aliyesikiliza zaidi ya pale.

Utepe ulifika kwenye "asante" yangu. Nikasikia hatua za viatu vyangu zinatoka, na mlango. Fundi akanyoosha mkono asimamishe.

"Ngoja," nikasema.

Kwa sababu nilisikia mwenzangu anakohoa. Amefariki zamani, na kile kikohozi chake nilikijua kama ninavyojua cha baba yangu. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Na yule mwenzangu, ambaye hakuwahi kuuliza swali hata moja mbele ya watu, akauliza.

"Papa, pardon. Ile sauti ya mwanzo. Mama yangu anaimbaka vile, kwetu Mpala. Muliitoa wapi?"

Mpiga gitaa alicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha muntu aliyefurahi kukamatwa.

"Weye umeishika! Kila muntu ananiuliza juu ya gitaa, hakuna aliyeniuliza juu ya ile sauti. Sikia. Kule Lubumbashi tulikuwa tunarudilia nyimbo zetu katika ua wa parselle moja, na nyuma ya ukuta kuliishi mwanamuke wa kwenu, wa ziwa, bwana yake anafanya kazi kwa treni. Walikuwa wanamutumia samaki zenu ndogo, ndakala, kutoka huku. Akizianika juu ya mabati, anaimba. Sisi tukisikia, tunanyamazisha magitaa. Siku moja nikamwomba bwana yake, nikamwomba yeye, tukaenda naye studio. Aliimba mara moja tu, akarudi kupika. Ule wimbo njo wake. Mimi niliongeza gitaa."

"Na jina lake, Papa, haliko kwenye disiki?"

"Wenye disiki hawakutaka. Mimi nilikuwa kijana, nikanyamaza. Leo ninasema." Kisha akataja jina lake lote, la yule mwanamke na la mume wake, akarudia ili lisikike vizuri.

Hapo nikasikia mlango, na sauti yangu changa ikisema gari linaondoka. Utepe ukaisha.

Fundi aliniangalia. Nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi. Jina alilolitaja nilikuwa nalijua. Kila muntu wa mtaa wa dada yangu alikuwa analijua, na walikuwa wanalicheka.

Ni mwanamke muzee, mjane wa mfanyakazi wa treni, anakaa nyumba chache juu yetu. Toka watoto wake wakiwa wadogo amekuwa akisema kwamba sauti ya mwanzo wa wimbo ule ni yake. Alisema kanisani, alisema sokoni, alisema kwenye harusi kila wimbo ulipopigwa. Mume wake, alipokuwa hai, alimshuhudia, na watu wakamjibu kwamba mume hawezi kukosa kumtetea mke wake. Vijana wa barabarani wakimwona anapita, waliweka wimbo kwenye simu zao na kumwitikia, "Mama, disiki yako njo hii!" Mkwe wake alimwomba waziwazi asiende tena kwenye sherehe zake, anamutia haya. Yeye hakuacha kwenda, na hakuacha kusema.

Nilimkuta uani mwake, amekaa kwenye mkeka anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimeomba fundi aniwekee ile sehemu ndani ya simu. Sikumweleza kitu. Nilimsalimia, nikakaa kando yake, nikabonyeza.

Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na majani. Mpiga gitaa alipocheka, mikono ikasimama. Jina lake lilipotajwa, akalirudia kwa midomo bila sauti. Nilingoja alie, na nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumpa. Hakulia.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Alisema yeye mwenyewe? Na kinywa chake?"

"Yeye mwenyewe, Mama."

"Amekosea kitu kimoja," akasema, na uso wake wote ukaanza kufunguka. "Sikuimba mara moja. Niliimba mara tatu, sababu wao wenyewe walikuwa wanakosea kuingia na magitaa!"

Akaanza kucheka. Alicheka akajipiga mapaja, majani ya sombe yakaruka, binti yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mama akamshika mkono akamkalisha chini kama mutoto.

"Sikiliza hii. Halafu enda uite bwana yako. Usimwambie kitu. Mwambie tu mama mukwe anamuita, na aje amevaa viatu vya sherehe."

Tulipomwambia kwamba tunataka kuipitisha kwenye programu, direktrisi alikuja mwenyewe juu ya pikipiki. Alikuwa na furaha, lakini alikuwa na wasiwasi pia, na alikuwa na haki.

"Mama, siku hizi kompyuta inaweza kuongea na sauti ya kila muntu. Watu watasema tumeitengeneza."

Muzee alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Basi nitakuja kuimba mimi mwenyewe. Mutawauliza kama kompyuta imewahi kuanika ndakala."

Jumamosi ile alifika studio mbele ya sisi wote, amevaa kitenge cha buluu na kitambaa kipya kichwani. Mkwe wake ndiye aliyemleta, amebeba mkoba wake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia abebe.

Nilifungua programu kama zamani. Nilimweka kwanza bwana wa rumba na swali langu la ujeuri, kisha kijana wa roki na maji yake. Simu zilianza kuita, watu wanacheka, wanataka tuendelee. Halafu nikasema kwamba kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulisikia, ingawa lilisemwa mgongoni mwangu, na aliyelipata ni mwenzangu wa sauti, mwana wa Mpala. Nikaacha utepe uongee.

Ulipoisha sikupiga wimbo. Nilisogeza mikro.

Nilimuuliza kwanza jina lake, jina la baba yake na mahali alipozaliwa, namna nilivyofundishwa kuuliza watu wakubwa. Alijibu akiwa amenyooka kama yuko mbele ya jaji. Kisha nikamuuliza maneno yake yana maana gani, kwa sababu ni ya Kitabwa, lugha ya kwao, na nchi nzima imecheza bila kuyaelewa.

"Watu wanafikiri ni mapenzi," akasema. "Wanashikana kiuno. Wanafunga macho. Ule ni wimbo wa wamama kwenye mchanga. Tunaliambia jua, usiende bado, samaki yetu haijakauka."

Kupitia kioo nilimwona direktrisi amefunika kinywa, mabega yanatikisika. Mujini kote, nilikuja kuambiwa baadaye, watu walipiga kelele. Wenye ndoa zao walianza na wimbo ule waliangaliana. Walikuwa wameoana juu ya ndakala.

Halafu akaimba.

Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito, ina mchanga ndani yake. Lakini alipofika kwenye ule mwito ambao tunaujua wote, ulitoka vilevile, ukapanda, ukakaa pale juu, na nywele za mikono yangu zikasimama. Pale ambapo gitaa huingia kwenye disiki, yeye hakusimama. Aliendelea. Aliingia kwenye ubeti ambao hatukuwahi kuusikia, kisha mwingine, jua linaombwa, upepo unatukanwa, mvua inaambiwa ipite Kigoma kwanza. Wimbo ulikuwa mrefu. Disiki ilikuwa imechukua mlango tu, nyumba yote ilikuwa ndani yake.

Simu ya kwanza kuingia ilitoka ufukoni. Ni mama mumoja anayeuza samaki, tena alikuwa anapiga kelele, kwa sababu nyuma yake wamama wenzake walikuwa wanaitikia. Walikuwa na redio juu ya beseni. Walikuwa wanajua maneno. Mama zao waliwafundisha, na siku zote walifikiri mpiga gitaa aliwaibia wote pamoja.

"Dada mukubwa!" yule mama akaita. "Rudilia ile ya upepo, tuko pamoja!"

Muzee aliangalia mikro, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa. Nilimwambia leo redio ni yake. Akarudilia. Kwa simu ile mbovu, wamama wa ufukoni walimjibu, wamechelewa kidogo kwa sababu ya mtandao, lakini walimjibu, na tuliacha yote yapite hewani, habari za jioni zikangoja.

Tulipotoka, watu walikuwa wamejaa mbele ya redio. Madereva wa pikipiki walipiga honi. Vijana walewale waliomwitikia kwa kejeli walikuwa mbele, na mumoja wao, muntu mzima sasa mwenye ndevu, alimwomba msamaha mbele ya watu wote. Muzee alimjibu, "Nimekusamehe, lakini ile simu yako unipe niisikie vizuri," na akakaa juu ya pikipiki ya yule mwenye ndevu, wimbo masikioni, akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

Majuma machache baadaye bendi moja ya vijana wa hapa ilimwalika kuimba nao katika sali, ule ukumbi mkubwa wa parokia. Mimi nilikaa mstari wa mbele, na dada yangu, na shangazi mumoja aliyebaki hai, ambaye alisema kwamba haendi kucheza, anaenda kusikiliza tu. Kwenye mazoezi muzee alikuwa amegombana na mpiga ngoma juu ya mwendo, na alishinda. Aliingia jukwaani bila fimbo. Kwenye ukuta walikuwa wametundika kitambaa chenye jina lake lote, kwa herufi nyekundu, na jina la mpiga gitaa chini yake.

Alingoja watu wanyamaze. Kisha akaita, peke yake, na sali nzima, Wakristo kwa Waislamu, watu wa bandari, watu wa treni na wamama wa ufukoni wenye magamba ya samaki bado mikononi, wakaliomba jua pamoja naye. Gitaa liliingia pale alipolionyesha kwa mkono, na shangazi yangu alikuwa wa kwanza kusimama.